Nani Kaiba Tangawizi?

Mwizi nilimchagua mwenyewe, Ijumaa usiku, kwenye chumba cha wageni Same mjini, nikiwa na bahasha sita na chai ya rangi iliyokwisha kupoa. Kesho yake nilikuwa na miadi na kikundi cha vijana huko Mamba Miamba, milimani, ambako tangawizi ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Mwalimu wao nilisoma naye chuo. Aliniomba nije niwafundishe kufikiri kama waandishi wa habari. Nikajua hotuba itawalaza. Bora mchezo.

Kisa chenyewe: gunia la tangawizi limetoweka stoo, nyuma ya ukumbi, mkutano ukiendelea. Washukiwa wanne: mlinzi, mpishi, dereva wa bodaboda na katibu. Kufuli halikuvunjwa. Nje mvua imenyesha, lakini sakafu ya stoo haina tope. Bahasha ya mwisho ina ukurasa wa muhtasari wa mkutano, na katikati yake mwandiko unabadilika kwa mistari kumi, kisha unarudi ule wa mwanzo. Katibu alitoka. Basi.

Asubuhi gari lilipita barabara ya Kisiwani, hifadhi ya Mkomazi upande mmoja, milima upande wa pili, nami nikajiona Bwana Msa aliyekosa kiko tu.

Ukumbini tukapiga kura nani awe nani. Karatasi ya mlinzi ikamwangukia kijana mmoja aliyekaa nyuma kabisa. Sijamaliza hata kusoma kisa, ukumbi mzima ukalipuka: "Ni huyo! Kesi imeisha!" Bahasha hata moja haijafunguliwa. Naye alicheka, kicheko cha mtu aliyezoea. Kisha akaniangalia. "Dada, hata kwenye mchezo?"

Mwalimu akaninong'oneza. Mwaka jana hela za kikundi zilipotea, akatajwa yeye. Baadaye zikaonekana, zilikuwa zimehesabiwa vibaya. Hakuna aliyemwendea kumwambia samahani.

Nilitakiwa nimkemee nani? Miaka tisa iliyopita niliandika habari ya wizi, nikamtaja mama mmoja mfanyakazi, na neno langu la kujikinga lilikuwa "inasemekana". Siku tatu baadaye ikajulikana hakuhusika. Masahihisho yalikuwa mistari minne, chini ya tangazo la mnada. Sikumpigia simu. Nilikuwa na namba yake.

Nikasimamisha mchezo, nikaweka sheria mpya: haruhusiwi mtu kutaja jina mpaka achore safu mbili kwenye karatasi, NIMEONA na NIMESIKIA, azijaze. Ukumbi ukapoa. Wengi waligundua safu ya pili imejaa na ya kwanza nyeupe. Tukafungua bahasha, moja moja. Ilichukua karibu saa nzima, tena kwa ubishi mtamu, mpaka binti mmoja akainua ule muhtasari: "Jamani, aliyeandika hapa katikati siye yule wa juu. Angalieni mikia ya g zake." Katibu akakamatwa kwa vigelegele.

Shuleni tulisoma *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapwa mwaka 1960, tukikimbilia kurasa za mwisho kumjua muuaji. Siku hizi nikimrudia Bwana Msa, kinachonishika ni subira yake: wenzake wameshakubaliana, yeye bado anauliza. Nilidhani hadithi za upelelezi zinatufundisha kumpata mkosaji. Kumbe kazi yake nyingine, pengine kubwa zaidi, ni kuwatoa wasiohusika mmoja mmoja, mchana kweupe, kila mtu akiona.

Wakati nakusanya karatasi niliikuta ya yule mlinzi wetu. Chini ya NIMESIKIA hakuandika kitu. Chini ya NIMEONA ameandika: "Wamecheka kabla ya kufungua bahasha."

Usiku ule, Same, niliitafuta ile namba ya zamani. Nilipiga. Iliita mara nne, akapokea.