Handikapu Yangu na Upepo wa Kusi

Handikapu yangu ilikaa kwenye 28 kwa muda mrefu hata watu klabuni wakaizoea kama walivyolizoea jina langu. Zamani hizo, mahali pengi duniani, mwanamume hakupewa zaidi ya 28 na mwanamke hakupewa zaidi ya 36. Hata kama mchezo wako ulihitaji mikwaju 40 juu ya kiwango cha uwanja, ubaoni uliandikiwa 28 basi. Sasa mchukue mtu aliyekuwa akipiga 125 akashuka hadi 108. Kazi aliyoifanya ni kubwa, lakini ubaoni hakijasogea kitu. Ndiyo maana nikitaka kueleza jinsi mchezo wangu ulivyobadilika siwezi kuzitegemea namba za miaka ile. Mabadiliko yenyewe yalianzia kwenye upepo.

Gofu nilijifunzia kisiwani Mombasa, kwenye uwanja wa mashimo 9 uliokaa juu ya jabali la matumbawe, ukitazamana na mlango wa bahari wa Likoni. Ukitaka kutimiza mashimo 18 unauzunguka mara mbili. Meli ziendazo Kilindini hupita pale chini, na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kutoa mizigo bandarini, nyingi nilizijua kwa majina. Zilikuwapo jioni nilizoiona meli yenye makontena ya wateja wangu ikiingia ilhali fimbo iko mkononi, nikajua kesho yake hakuna mchezo.

Wa pwani hawahitaji kuelezwa habari za pepo zetu. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba hivi, kaskazi hushika zamu Desemba hadi Machi, na katikati kuna maleleji, upepo usiotulia upande mmoja. Kwa mcheza gofu maana yake ni kwamba shimo moja ni mashimo mawili. Pale ulipofika kwa chuma nambari 8 mwezi wa Februari, Julai hufiki hata kwa fimbo ndefu. Anayejifunzia bara, kwenye uwanja uliokingwa na miti, anaweza kucheza mwaka mzima akidhani umbali wa fimbo zake ni kitu kisichobadilika. Sisi hatukuwa na nafasi ya kudhani hivyo.

Tulivyofundishwa wengi wetu tulioanza ukubwani ni nguvu. Piga draiva kwa mbali kadiri uwezavyo, kisha utafute mpira, kisha upige tena. Mpira wangu ulikuwa na tabia ya mipira ya wanagofu wengi wa handikapu kubwa wanaotumia mkono wa kulia: unaondoka vizuri, unafika katikati ya safari, unakatia kulia. Sababu yake niliijua baadaye. Mpira huanza safari yake kwa kufuata uso wa fimbo ulikoelekea wakati wa kugusana, na hupinda kwa sababu uso huo na njia ya fimbo haviendi upande mmoja. Kwenye hewa tulivu mpindo unaweza kukugharimu mita chache tu. Upepo wa mbele ukiwapo, mpindo ule ule huongezeka maradufu na mpira unaishia vichakani au baharini.

Kedi niliyempata alikuwa mzee wa Likoni aliyevuka na feri kila alfajiri. Aliokota mipira katika uwanja ule tangu utotoni, na sijapata kumwona mtu anayeyasoma majani ya minazi kama yeye. Siku moja ya kusi kali alinitazama nikijikaza, akasema kwa upole, "Mwanangu, kusi hapigwi kwa nguvu. Chukua fimbo ndefu, upige taratibu." Nilimtii kwa heshima tu, maana akili yangu ilikataa. Mpira uliondoka chini chini, ukapita chini ya upepo, ukafika.

Maelezo ya kitaalamu yanamuunga mkono. Ukiupiga mpira kwa nguvu zaidi, huwa unazunguka kinyumenyume kwa kasi zaidi, na mzunguko huo ndio unaouinua. Ukikutana na upepo wa mbele, mpira hupanda juu, husimama, huanguka. Fimbo ndefu inayopigwa kwa utulivu huupa mpira mzunguko mdogo na njia ya chini. Mzee hakuwa na haja ya maneno hayo, lakini mimi yalinisaidia kuamini, kwa sababu mtu mzima huona vigumu kuacha jambo alilozoea kabla ya kuambiwa sababu.

Baadaye aliniomba draiva ibaki nyumbani msimu mzima wa kusi. Tukawa tunaanza kila shimo kwa chuma. Wenzangu walinipita kwa mita 50, wengine 60, na yalikuwapo maneno. Lakini mwisho wa duru mzee hakuniuliza nimepiga ngapi. Aliuliza, "Leo mangapi yamekuponyoka?" Yaani mashimo ambayo nimeandika 8, 9, 10. Swali hilo, lililorudiwa jioni baada ya jioni, ndilo lililonibadilisha kuliko somo lolote nililolipia.

Tazama hesabu yake. Mpira ukipotea, kanuni inakutaka urudi ulikopigia na uongeze mkwaju mmoja wa adhabu, kwa hiyo mpira wako wa pili kutoka tii ni mkwaju wa tatu. Muda wa kuutafuta nao ni mfupi: tangu 2019 ni dakika 3, zamani zilikuwa 5. Mipira miwili vichakani kwenye shimo moja imekwisha kukuharibia kazi nzuri ya mashimo matatu. Nilipoanza kuyahesabu mashimo yaliyoponyoka niliona kwamba tofauti kati ya siku yangu njema na siku yangu mbaya haikuwa katika mikwaju mizuri. Mikwaju mizuri ilikuwa ile ile siku zote, michache, na ya kufurahisha. Kilichobadilika ni ukubwa wa maafa.

Katika mashindano ya klabu tulicheza kwa hesabu ya pointi, ile iliyobuniwa na daktari Mwingereza, Frank Stableford, na kutumika mwaka 1932 katika klabu ya Wallasey, pwani ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Wallasey nako ni kwenye upepo wa bahari. Katika hesabu hiyo, ukishapita kiwango fulani kwenye shimo unapata sifuri, unaokota mpira, unaendelea. Shimo moja baya haliui duru nzima. Naiheshimu hesabu hii kwa dhati. Bila hiyo wachezaji wengi wa daraja langu wangeacha mchezo mapema.

Kisha ukaja mfumo mmoja wa handikapu wa dunia, ulioanza Januari 2020 na kuchukua nafasi ya mifumo sita iliyokuwa ikitumika katika nchi mbalimbali. Dari ya 28 ikaondoka. Sasa mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, anaweza kuwa na hadi 54. Ulipofika kwetu, namba yangu ya kwanza ilikuwa 34 na nukta kadhaa. Nilipandishwa, na nilifurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza namba ilizungumza habari zangu mwenyewe. Namba inayoweza kupanda inaweza pia kushuka.

Mambo mawili katika mfumo huo yanafaa kujulikana na kila mchezaji wa handikapu kubwa. La kwanza, shimo baya lina ukomo: kwa ajili ya handikapu, huandikiwi zaidi ya mikwaju 2 juu ya kiwango cha shimo, ukijumlisha mikwaju unayopewa hapo. Mwenye kupewa mikwaju 36 uwanjani hupata 2 kila shimo, hivyo kwenye shimo la mikwaju 4 mwisho wake ni 8. La pili ndilo lililonipa usingizi. Handikapu hutokana na matokeo bora 8 kati ya 20 ya karibuni. Haipimi unavyocheza kwa kawaida. Hupima unavyocheza ukiwa vizuri. Kwa hiyo siku nyingi utapiga zaidi ya handikapu yako, na hiyo si dalili ya kurudi nyuma. Wangapi nimewaona wakibadilisha mkao, fimbo na mwalimu kwa sababu ya duru tatu ambazo zilikuwa za kawaida kabisa!

Wakati huo binamu yangu aliyeko Toronto alinitumia kitabu cha Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, Every Shot Counts, kilichotoka 2014. Broadie alichambua kumbukumbu za mamilioni ya mikwaju, na akaonyesha kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji wazuri na wasio wazuri hutoka kwenye mikwaju mirefu, si kwenye grini kama wengi tulivyoamini. Hilo lilikubaliana na mahesabu ya mzee: maafa yangu yote yalianzia mbali na shimo. Lakini katika jambo moja nilifuata njia yangu. Mtu wa makamo anayefanya kazi hadi magharibi hana saa za kurekebisha mikwaju mirefu kila siku. Ana ua wa nyumba yake. Mimi nilijifunzia mikwaju mifupi uani kwangu Tudor, watoto wa jirani wakiniokotea mipira na kubishana, "Ami, huo haukufika!" Mrefu ndio mkwaju wenye thamani zaidi, sawa, lakini mfupi ndio unaoweza kufanyiwa kazi kila jioni, na ulinipunguzia mikwaju haraka.

Kwenye mkwaju mfupi pia mzee alikuwa na lake. Karibu na grini hakutaka niutupe mpira juu kwa weji. Alinipa chuma nambari 8, mpira uruke kidogo kisha uviringike kama wa watoto wa mtaani wanaocheza gololi. Msimu wa kaskazi ardhi yetu hukauka na kuwa ngumu, na mpira unaoviringika hauna habari na upepo.

Somo hilo lilikoma nilipopanda Nairobi. Kule, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na fimbo zangu zote zilifika mbali kuliko nilivyozijua, lakini kando ya grini kuna nyasi za kikuyu, nene, za kushikana. Nyasi hizi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, nazo zimesafiri hadi Australia na California. Mpira hauviringiki humo; hutumbukia, na nyasi huishika fimbo. Ilibidi nijifunze upya kupiga kwa uso wa fimbo uliofunguka na mikono iliyokaza kidogo. Tangu hapo nimekuwa mgumu kukubali ushauri wa gofu usiotaja ni wa ardhi gani.

Safari nyingine ya Nairobi ilikuwa Machi 2023, kutazama Kenya Open pale Muthaiga, mashindano yaliyoanza 1967. Mwaka ule alishinda Mhispania Jorge Campillo. Sikukaa kwenye majukwaa. Niliambatana na kundi moja la wachezaji wasiotajwa sana, shimo kwa shimo. Mmoja wao mpira ulimwingilia mitini. Nafasi ilikuwapo kati ya matawi, nyembamba, na mimi ningeijaribu. Yeye hakuitazama mara mbili. Aliutoa mpira kando hadi kwenye nyasi fupi, akapiga tena, akaandika mkwaju mmoja juu ya kiwango, akaenda zake. Mtu aishiye kwa gofu alichagua kupoteza mmoja ili asipoteze watatu. Nilitamani mzee angekuwapo.

Habari za grini nitazipitisha upesi. Broadie anaonyesha kwamba mabingwa wa Marekani kutoka futi 8 hutumbukiza karibu nusu tu, na mtu anayepiga 90 hufikia nusu hiyo kwenye futi 5. Tangu nilipojua hayo sihuzuniki tena na mpira wa futi 6 uliokataa kuingia. Ninachokiangalia ni ule wa mbali, wa hatua 15 na zaidi, usimame karibu ili wa pili uwe mwepesi.

Handikapu ilishuka hadi 29, ikakaa hapo, ikashuka hadi 24, na sasa iko 21 na kitu. Mzee ameacha kazi kwa sababu ya magoti, na ninasema wazi kwamba klabu za pwani zinawadai makedi wa umri wake zaidi ya shukrani: watu hawa wamefundisha vizazi vya wachezaji bila kuitwa walimu, na bila malipo ya ualimu.

Kedi wangu wa sasa ni kijana mwenye programu ya simu inayompa umbali hadi mita moja. Yeye husema umbali, mimi nasema upepo utafanya nini, kisha tunakubaliana fimbo. Mara nyingi tunabishana. Juzi, kusi ikiwa imeanza, alitaka chuma nambari 6 nami nikataka 5; nilipiga 5, mpira ukapita grini na kuingia bunka la nyuma, nikatumia mikwaju miwili kutoka mchangani. Bunka ndilo linalonikalia moyoni mwaka huu. Tumeahidiana saa moja kila Alhamisi, yeye na mimi na ndoo ya mipira, kabla jua halijapanda.