Jino Hupimwa kwa Miaka



Mtu akitoka kwa daktari wa meno, swali tunalomwuliza ni moja: "Bado lauma?" Akijibu kuwa maumivu yamekwisha, twamshukuru Mwenyezi Mungu na jambo lile twaliweka kando. Shukrani ni wajibu, lakini swali hilo halitoshi. Jino laweza kunyamaza hali ugonjwa ungalipo chini ya fizi. Kufaulu kwa matibabu ya meno hujulikana kwa miaka.

Jambo hili limetufika nyumbani kupitia gego la mama yetu. Katika Mfungo Mosi wa mwaka jana daktari alilitoboa, akaisafisha mizizi yake na kuiziba, na usiku ule mama akalala hadi alfajiri. Daktari alituusia mawili. Kwanza, gego lililotobolewa hivyo hubaki dhaifu na laweza kupasuka kwa kutafuna, basi livishwe kofia. Pili, mama arudi baada ya mwaka kupigwa picha, ajapokuwa haumwi. Uchafu wa mzizi huula mfupa unaouzunguka, na mfupa hujijaza polepole; kwenye picha, pengo lake huonekana kama kivuli cheusi. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya ya matibabu ya mizizi inataka jino lichunguzwe angalau baada ya mwaka 1, na kivuli kikiwa hakijaondoka, lifuatiliwe hadi miaka 4.

Bei ya kofia ilikaribia karo ya muhula mmoja ya mdogo wetu. Shangazi akashauri, "Lingʼolewe tu, wanangu, jino si roho." Neno lake lina uzito, kwani kungʼoa humaliza shida ya jino lile na gharama yake ni ndogo. Hata hivyo, pengo nalo lina miaka yake: meno jirani huliinamia, na mfupa wa taya hupungua. Bibi yetu ni shahidi. Meno yake ya bandia yalimkaa barabara yalipokuwa mapya. Leo yanacheza, kwa kuwa taya imepungua nayo yamebaki vilevile. Tulishauriana, tukaahirisha mengine, na kofia ikavishwa.

Kwa watoto, kipimo ni kicho hicho. Iko njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila mashine, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Watafiti walioyafuatilia meno yaliyozibwa hivyo waliona kwamba tundu lililo upande mmoja tu wa jino hudumu na ziba lake muda mrefu zaidi kuliko lile lililokula pande mbili. Kwa hiyo mama anayeuliza, "Litadumu?" na aulize pia tundu liko wapi na limeenea kiasi gani, kisha aulize mtoto arudishwe lini.

Sisi sasa tuna daftari la meno ya nyumba nzima: jino gani, limefanyiwa nini, tarehe gani, na siku ya kurudi. Daktari akihama au zahanati ikifungwa, habari zatubakia mkononi.

Mwaka huu mama alirudi akapigwa picha. Kivuli kimepungua, hakijaondoka. Hana maumivu na anatafunia upande ule, lakini daktari hakutamka kuwa amepona. Amemtaka arudi mwakani. Twangoja, na twamwomba Allah aukamilishe uponyaji wake.

Mtume wetu (s.a.w.) aliuhimiza mno mswaki, wala hakuufungamanisha na maumivu. Mwili ni amana, na mwenye amana huikagua hata isipolalamika. Basi tarehe ya kurudi kwa daktari ikifika, twendeni, jino liume lisiume.

Wabillahi tawfiq.