Njia ya Kafuro

Ukishafika Kyaka na kuiacha barabara ya Mutukula, lami inaanza kupanda. Migomba na mibuni inakusindikiza mpaka Bugene, hewa inapoa, na vilima vya Karagwe vinajipanga kimoja nyuma ya kingine kuelekea Rwanda. Ni nchi nzuri mno, tena ni nchi ya njia kuu. Njia hiyo inastahili vibao vya kumbukumbu.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya UNESCO: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Mstari ule ukifika Tabora unashika magharibi. Lakini kulikuwa na tawi lililoshika kaskazini, likapita Usui, likaingia Karagwe na kuendelea Buganda. Kituo chake kilikuwa Kafuro, jirani na ikulu ya Bweranyange. Mvumbuzi Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta Hamed Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu, ameshajenga na kutulia hapo. Nguo na shanga zilipanda, pembe zilishuka, na watu walishuka pia wakiwa wamefungwa. Kibao cha Kafuro kiyataje yote hayo bila kumung'unya maneno.

Bweranyange ndipo moyo wangu ulipobaki. Hapa, Novemba 1861, Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, aliwapokea wavumbuzi Speke na Grant kwa ukarimu ambao wote wawili waliuandika vitabuni. Januari Speke alitangulia Buganda. Grant, mguu ukimuuma hata asiweze kusimama, akabaki chini ya ulinzi wa Mukama mpaka Aprili, akaondoka amebebwa kwenye machela. Speke ana mnara wake London, katika bustani za Kensington. Kwa kibao cha Bweranyange ningeanza na Rumanyika, kisha Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akafikishwa India, akarudi huru na kuwa mmoja wa viongozi wa msafara ule. Baada yake wafuate wapagazi. Barabara hii ilikuwa mabega yao.

Chini ya vilima kuna ziwa ambalo Speke na Grant waliliita Windermere, kwa kulifananisha na ziwa la kwao Uingereza. Wenyeji wana jina lao, Rweru Rwabishonga, nalo ndilo lichongwe kwanza. Stanley aliishusha hapo mashua yake, Lady Alice, iliyokuwa imebebwa vipande vipande kutoka pwani, ikashindanishwa na mitumbwi ya Rumanyika huku mfalme mwenyewe akitazama. Sijui mahali pengine bara ambapo historia ya usafiri imewahi kuwa sherehe namna hiyo.

Mto ambao Speke na Grant waliuvuka wakitoka Karagwe, Speke aliuita Kitangule. Jina hilo lingali hai kwenye daraja la Kitengule, lenye urefu wa mita 140, linalopitisha malori ya miwa na abiria. Nguzo ya daraja hilo ingebeba kibao vizuri.

Kwa kibao cha wilaya ya Kyerwa, shika njia ya Omurushaka kwenda Nkwenda na Murongo, mpakani mwa Uganda, kisha uulize Mtagata. Stanley alikwenda kuziona chemchemi zake za maji moto mwaka ule ule wa 1876 na akakuta watu wamejaa, wamekuja kuoga wapone. Watu bado wanakuja, na maji bado ni ya moto.