Tembe la Bibi na Bati la Baba Mdogo

Huku kwetu Mbulu mtu akitaka kujua kama fulani ameendelea, hamwulizi. Anatazama juu ya nyumba yake. Bati likimetameta, basi mwenyewe ni mtu. Nyasi, bado anajikongoja. Na kama ni udongo, ah, hapo watu hubadili mazungumzo. Hata karani wa sensa, Agosti 2022, alipofika kwa Bibi na kuuliza paa ni la nini, mimi ndiye niliyejibu "udongo", na nilijibu kwa sauti ya chini.

Nyumba ya Bibi ni tembe la Kiiraqw, lililochimbwa ubavuni mwa mlima huko Mama Isara. Ukuta wa nyuma ni mlima wenyewe. Paa lake ni bapa, na kwa upande wa nyuma linakutana na ardhi, hata mbuzi akitoka malishoni anajikuta yuko juu ya nyumba na wala hashtuki. Wazee wanasimulia kwamba walijenga hivyo ili Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe wapite kilimani wasione kitu ila moshi. Ndani kuna nguzo za miti migumu, juu yake boriti, juu yake fito na majani, halafu udongo ulioshindiliwa kwa miguu. Ndama walilala humo humo, upande wa kushoto. Mtu asiyeijua baridi ya Mbulu ya mwezi wa Juni na Julai atacheka. Aje alale usiku mmoja, atajua pumzi ya ndama ni blanketi.

Basi mwaka jana Baba Mdogo, ambaye ana duka Katesh, akaja na gari la bati. Bati arobaini! Akashusha, akafuta jasho, akasema, "Mama, kabla ya mvua hii takataka tunaibomoa."

Bibi akamtazama. "Takataka umezaliwa humo."

"Ndiyo, Mama. Na ndiyo maana nataka uishi kama binadamu."

Nisimwonee Baba Mdogo. Alikuwa na hofu yake. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Yeye aliyaona kwa macho yake. Tangu siku hiyo kila anapoona nyumba iliyoegemea mlima, moyo unamwenda mbio. Mimi nilimwambia kilima chetu si Hanang, kwamba tembe hili limekaa hapo tangu kabla ya yeye kuzaliwa. Akanijibu, "Wewe mwandishi, maji hayasomi hadithi." Nikakosa la kusema, maana alisema kweli.

Nami nilikuwa na sababu zangu. Nimemaliza kidato cha nne, nina madaftari matatu ya riwaya isiyotaka kwisha, na kila nikitaka mhusika wangu aingie ndani, anaingia mlango wa Bibi, anainama kwanza. Lakini riwaya haimzuii mtu kunyeshewa, bwana. Ukitaka nyumba ibaki lazima useme itabaki vipi.

Aliyetuokoa ni fundi mmoja mzee wa hapo kijijini. Hakuja na futi wala timazi. Alizunguka nusu siku, anagonga nguzo kwa mpini wa panga, anasikiliza. Mwishoni akasema kuta za mbele na za pembeni ni nzima. Nguzo tatu za nyuma zimeoza kuanzia chini. Ugonjwa wa nyumba hii, akasema, si udongo. Ni maji yanayotoka mlimani na kukaa nyuma ya ukuta bila pa kwenda. Wazee walikuwa na mfereji hapo juu, nasi tumeuacha ukajaa magugu. Kumbe!

Nikachangamka nikasema, haya, tuweke nguzo mpya na paa lilelile la udongo. Fundi akanishusha taratibu. Paa la udongo ni mzigo mzito mno, likilowa linazidi. Linataka miti migumu, na miti hiyo wazee waliikata msituni. Leo misitu kama Nou ni hifadhi. Mkaratusi wa shambani ukiuchimbia hivi hivi bila dawa, mchwa hawakawii kukushukuru. Hapo ndipo nilipolikubali bati, na silionei haya. Bati ni jepesi, kenchi za mkaratusi zinalibeba. Ila bati tupu kwa baridi ya huku ni adhabu. Usiku mvuke unaganda ukidondoka kitandani, mvua ikinyesha hamsikilizani, na mchana wa jua unaiva. Kwa hiyo chini yake tukaweka dari ya fito iliyokandikwa udongo mwembamba. Bibi alikuwa bado na tembe lake kichwani, ila sasa halina kazi ya kuzuia mvua.

Paa tukalitoa kwenye ardhi, tukalishusha chini mbele kwa upenu mpana ili kuta zisilowe. Nyuma tukachimba mtaro wa kufika kiunoni, tukapanga ukuta wa mawe kuuzuia mlima. Kazi hii ndiyo iliyokula siku nyingi kuliko zote na ndiyo isiyoonekana na mgeni. Upande wa bondeni tukafungua madirisha mawili, na juu ya meko tundu la moshi, maana macho ya Bibi yamelia ya kutosha.

Kwenye lipu tuligombana tena. Baba Mdogo alitaka saruji. Jirani yetu aliupaka ukuta wake wa udongo saruji, ukapendeza mwaka mmoja. Unyevu ukakosa pa kutokea, lipu ikabanduka kama chapati. Tukapaka udongo, mchanga na samadi, kama Bibi alivyopaka miaka yote.

Kinachonichekesha ni kwamba huko mjini sasa fasheni ni nyumba za kuficha paa. Mtu ananyanyua ukuta juu ili bati lisionekane, nyumba ionekane bapa. Baba Mdogo anazisifu sana. Nikamwambia, Baba, hilo si tembe? Akaninunia mpaka jioni.

Na lingine linaniuma kidogo. Kwihara, karibu na Tabora, kuna tembe lililofanywa makumbusho kwa sababu David Livingstone alikaa humo mwaka 1872 akingoja wapagazi. Mji Mkongwe wa Unguja uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Ni vizuri. Lakini la Bibi yangu hakukaa Mzungu wala sultani. Alikaa yeye, akazaa tisa. Kama sisi hatukulitengeneza, hakuna afisa atakayepanda Mama Isara kuja kulitengeneza.

Bibi alitoa masharti mawili tu. Meko yasihamishwe, na mlango usipandishwe, kila mtu aendelee kuinama. Ndama walipohamishiwa banda jipya alinyamaza siku mbili, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, sasa nani atanipasha joto?" Sikuwa na jibu la fundi. Nikahamishia kitanda changu upande wa kushoto. Madaftari nimeyaweka dirishani, kuna mwanga.

Bati zilizobaki, kumi na moja, Baba Mdogo amezirudisha dukani. Mvua za kwanza zimepita, mtaro umepeleka maji bondeni, ndani ni kukavu. Anayelalamika ni beberu mmoja mzee. Kila asubuhi anasimama ukingoni mwa mtaro, anatazama paa alilozoea kuotea jua, anapiga kelele.