Tutalala mara ngapi mlimani?

Sisi tukaao Kasindi twauona mlima wa Ruwenzori siku zile ambazo mawingu yapenda kuondoka, nazo si nyingi. Mwaka huu tumekata shauri kurudi huko, watu wanne wa jamaa moja, tuizunguke tena njia ya maziwa: kwanza Bujuku, kisha yale mawili ya Kitandara, na kuteremka kwa bonde jingine. Twasema kurudi, maana mara ya kwanza tulikwenda vibaya. Jioni tatu sasa tumeketi mezani na karatasi na taa, tukibishana juu ya neno moja tu: tutalala mara ngapi?

Ingetupendeza kupanda upande wetu wa Kongo, kutoka Mutwanga, kwa bonde la Butahu. Lakini wakaaji wa huko wamesumbuliwa na vita miaka mingi, nasi hatuthubutu. Basi tutavuka mpaka, tupite Bwera na Kasese katika Uganda, hata Nyakalengija, mahali pa kuanzia kupanda. Serikali ya huko iliufanya mlima kuwa hifadhi mwaka 1991, wala mtu hapandi pasipo kiongozi. Viongozi na wapagazi wengi ni Wakonzo, ndugu za Wanande. Lugha zetu zasikilizana, na hilo si jambo dogo kule juu ambako pumzi ya kusema ni haba.

Njia yenyewe ni rahisi kuiandika. Siku ya kwanza hufika Nyabitaba, karibu mita 2650. Siku ya pili ni ndefu, ya mizizi na mawe, hata nyumba iitwayo John Matte, karibu mita 3400. Kisha ni bwawa la matope la Bigo, na ziwa Bujuku lililolala chini ya milima mitatu, Stanley, Speke na Baker. Hapo hulala watu karibu mita 3950. Mpaka Bujuku, mgonjwa akigeuka nyuma, njia yamshusha. Lakini ng'ambo ya Bujuku ni kipito cha Scott Elliot, mita 4372, na chini yake Kitandara, karibu mita 4000.

Hapo ndipo shauri letu lote. Kitandara ni pazuri kupita pote tulipopaona: maji meusi yaliyotulia, miti mikubwa ya ajabu yenye majani kama kabichi, na kimya. Walakini tazameni ramani. Maji ya Kitandara yateremka magharibi, yaja kwetu Kongo katika mto Butahu. Njia ya wasafiri haiyafuati. Anayeugua hapo hana budi kupanda kwanza ndipo ashuke: ama arudi Scott Elliot, ama asonge mbele kwa kipito cha Freshfield, mita 4282. Ni kama chungu. Huingii pasipo kupanda ukingo, wala hutoki pasipo kupanda ukingo.

Mara ile tulikuwa na siku chache za mapumziko, tukaondoa usiku mmoja. Kiongozi alitukataza, tukamjibu kwamba sisi ni watu wa milima. Tulitoka Nyabitaba alfajiri, tukafika Bujuku giza limekwisha kuingia. Mdogo wetu alilalamika kichwa, akasema ni uchovu tu, nasi tukapenda kumwamini. Kesho yake usiku, huko Kitandara, alitapika chai, akakataa chakula, na alipotoka nje aliyumba kama mlevi. Kiongozi hakutuuliza tena. Kulipopambazuka wapagazi wawili walimshika mabega, sisi tukajitwisha mizigo yao, tukaanza kupanda Freshfield hatua kumi kumi. Watu husifu sana mahali pale. Sisi tuliona visigino vya mpagazi aliyetutangulia, basi. Jioni, tulipokwisha shuka hata nyumba ya Guy Yeoman, mgonjwa aliomba chai yenye sukari. Hatukulala kwa furaha na kwa aibu.

Ndiyo maana twabishana. Kaka yetu mkubwa asema nyusiku sita zatosha: kila usiku wa ziada ni fedha za watu wanne, na za wapagazi, na chakula, na ada ya shule haingoji. Ana haki. Tena alitamani kilele cha Margherita, mita 5109, alichofika mkuu wa Abruzzi mwaka 1906. Lakini mke wa mdogo wetu, aliyekuwa akichambua maharagwe pembeni, akasema: "Shemeji, mara ile mlihesabu fedha. Nani alihesabu pumzi za mume wangu?" Tukanyamaza wote.

Waganga washauri kwamba, mtu akipita mita 3000, asiongeze kimo cha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na apumzike siku moja baada ya siku tatu au nne. Kutoka Nyabitaba hata John Matte peke yake kwazidi kipimo hicho. Kwa hiyo tutalala John Matte mara mbili. Siku ya katikati tutatembea polepole hata Bigo na kurudi. Margherita tumeiacha. Tena huko Bujuku asubuhi kila mmoja ataulizwa mbele ya kiongozi: kichwa chauma? umekula? Mmoja akiwa na maumivu, wote tutangoja, au wote tutashuka kwa njia tuliyojia.

Mengine ni madogo. Viatu vya mpira virefu, maana mbao zilizotandikwa juu ya matope hazifiki pote. Nguo kavu ndani ya mifuko ya plastiki. Unga, karanga, samaki wakavu. Tutaondoka mwezi wa saba mvua zikipungua, ingawa mlimani humo hazikomi kabisa.

Juzi kaka mkubwa aliuza mbuzi wake kwa ajili ya ule usiku wa saba, wala hakutuambia mpaka fedha zilipokuwa mezani. Mdogo wetu alitwaa kalamu, akaandika 7 kwa mkono wake mwenyewe, akauliza kama mpagazi aweza kuongezewa kilo moja ya sukari.