Sukuma ya Ghorofa ya Tano

Nimewahi kulipwa kuwafundisha Wamarekani kupanda mboga. Zilikuwa makala 12, maneno 800 kila moja, zote kuhusu bustani ya nyumbani wakati wa machipuko: lini upande letusi, lini utoe miche ya nyanya nje, na utajuaje kwamba baridi ya mwisho ya kugandisha imepita. Niliziandika nikiwa nimeketi kitandani kwenye bedsita yangu Zimmerman, mtu ambaye hajawahi kuona theluji wala kumiliki jembe. Malipo yalikuja baada ya siku 74.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokwama, na tangu hapo nawaandikia watu wanachotaka. Kuna kipindi niliandika insha za wanafunzi wa ng'ambo, kwa hivyo digrii sina, lakini nimewasaidia wengine kumaliza zao. Kisha mashine zikaanza kuandika, na wateja wa aina hiyo wakatoweka kimyakimya. Waliobaki hulipa wakijisikia.

Zile makala za machipuko zilinibakia kichwani. Nilikuwa nimesoma sana kuhusu udongo, mbolea na miche, na sina hata dania kwenye mkebe. Lakini huwezi kuzitoa Marekani ukazipanda Nairobi vile zilivyo. Sisi hatuna machipuko. Tuna masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Udongo wetu haugandi, kwa hivyo hakuna anayesubiri jua lirudi. Tunasubiri mawingu. Na kwa mtu wa mjini dalili ya masika ni nauli: tone la kwanza likigusa lami, makanga anaongeza hamsini.

Wala hatuna uwanja nyuma ya nyumba. Tuna paa. La ploti yetu liko juu ya ghorofa ya tano, na lina kamba za nguo, tangi mbili za maji na jua la kutosha. Niliamua kutumia magunia, na hapo sikuhitaji kubuni chochote. Kibera walishafanya. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, watu walipokosa chakula, shirika la Kifaransa la Solidarités lilisaidia maelfu ya familia huko kupanda mboga kwenye magunia mlangoni pao. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ikapitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Yaani unaweza kulima huku, ukipata pa kusimamisha gunia.

Gunia lenyewe linataka akili kidogo. Chukua lile la kilo 90. Changanya udongo na samadi iliyokauka vizuri, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi. Tafuta mkebe mkubwa, utoboe pande zote mbili uwe kama bomba, uusimamishe katikati ya gunia na uujaze kokoto. Jaza udongo kuuzunguka, kisha uvute mkebe juu kidogo, uongeze kokoto, uongeze udongo, hivyo hivyo hadi gunia lijae. Mwisho unatoa mkebe, na katikati unabaki mnara wa mawe. Maji ukiyamwaga hapo yanashuka hadi chini na kusambaa kwenye udongo. Bila huo mnara, juu kutakuwa matope na chini jangwa. Halafu unatoboa matundu ubavuni, unapachika mche mmoja kwa kila tundu, na juu unapanda unachotaka.

Nilitengeneza manne. Magunia shilingi 200, udongo na samadi 600, mkokoteni 300, miche ya sukuma na spinachi 180. Jumla 1,280. Kubeba udongo hadi juu nilijibebea mwenyewe kwa ndoo, siku mbili, na mgongo wangu wa kukaa kwenye kompyuta ukanikumbusha kila ngazi.

Sasa nikuwekee hesabu mezani, kwa sababu watu wengi hudanganya hapa. Kabla ya magunia nilikuwa nanunua mboga ya shilingi 60 hivi kwa wiki. Ili nirudishe ile 1,280 kwa kutonunua mboga, nahitaji zaidi ya wiki 21, na hiyo ni bila kuhesabu maji, na bila kuhesabu zile wiki za mwanzo ambapo sukuma ni vijani viwili vinakuangalia tu. Kwetu maji huja Jumatano na Jumamosi. Siku nyingine magunia hunywa maji niliyooshea mchele na vyombo visivyo na mafuta. Mboga hazilipi kodi ya nyumba. Kila mwanasiasa akikosa jibu kuhusu ajira huwaambia vijana warudi shambani, na mimi sitaki kuimba kwenye kwaya hiyo. Magunia manne si kazi. Mtu akikuambia ni kazi, muulize yake yako wapi.

Basi kwa nini niliendelea? Niseme kuhusu mama mboga wa pale chini.

Ukikosa pesa Nairobi, njaa yenyewe unaweza kuizoea kidogo. Kinachochosha ni kuomba. Mama mboga aliniandika kwenye daftari lake kwa miezi. “Nitakulipa Ijumaa, mama.” Ijumaa ikija, mteja hajalipa, napita njia ya nyuma ya gereji ili asinione. Hakuwahi kunigombeza. Angenigombeza, ningejua pa kusimama. Alikuwa anakata sukuma tu, anaongeza kijiko cha huruma, na kuniuliza, “Na masomo?” Nilikuwa nimekuwa mtu wa kuomba: chumvi kwa jirani, chaja kwa jirani, mia mbili kwa rafiki ambaye sasa huchelewa kujibu meseji zangu. Hakuna anayekutenga. Ila unaona mlango ukifunguliwa, kabla hujasema neno, uso umeshauliza ni nini tena.

Sukuma ilianza kuchumika wiki ya saba. Unachuma majani ya chini, unaacha ya juu, na mche unaendelea kupanda kama unatafuta ghorofa ya sita. Jumapili moja mlango wangu ukabishwa. Alikuwa mama wa nyumba nambari 14, amebeba sufuria tupu.

“Kijana, hamjambo. Samahani kukusumbua. Huko juu kunaweza kukosa mboga kidogo? Nimepika ugali na mfukoni hakuna kitu.”

Ukiishi ploti unajua sauti hiyo. Ilikuwa yangu. Ile samahani ya mwanzo, lile neno kidogo, vile jicho linaangalia sakafu. Nilipanda naye juu, tukachuma hadi sufuria ikajaa. Alinishukuru mara nne. Nilitaka kumwambia aache, kwa sababu najua kila shukrani ya aina hiyo inavyomtoa mtu kitu. Badala yake nilimwambia achume mwenyewe siku nyingine, asingoje kunipata. Wiki iliyofuata nilikuta mtoto wake amemwagilia magunia. Jirani mwingine akaniletea mtungi wa maji siku ambayo mfereji ulikauka. Kijana wa nambari 9 akaniuliza kama majivu yanafukuza wale wadudu wadogo wanaojibana chini ya majani. Nilimwambia ajaribu maji ya sabuni kwanza, na ainyunyize jioni.

Huo ndio ukulima wangu. Haukunitoa kwenye umaskini. Mara ya kwanza baada ya miaka miwili, mtu alikuja kwangu akiamini nina kitu. Sukuma ya shilingi 20, lakini nilikuwa mtu wa kuombwa.

Mama yangu, Vihiga, aliposikia nimepanda alinyamaza kwanza. Simu zetu zilikuwa zimebaki na swali moja, la chuo nitarudi lini, na mimi nilikuwa na majibu matatu ya kulizunguka. Siku hiyo aliuliza, “Baba, umepanda nini?” Nilipomwambia sukuma na spinachi, alicheka. “Hizo ni za watu wa sokoni.” Wiki hiyo nilipokea bahasha kupitia kwa dereva wa matatu: mbegu za terere, nyeusi, ndogo kama chembe za sukari, zingine za managu na mitoo. Ndani ya karatasi alikuwa ameandika nichanganye terere na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja. Hakuuliza chuo.

Mbegu za bahasha kama hiyo zilikuwa na kesi. Kwa miaka sheria ya mbegu ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa, na adhabu ingeweza kufika miaka miwili jela au faini ya shilingi milioni moja. Wakulima 15 walienda kortini mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Nilimsomea mama habari hiyo kwa simu. Aliniuliza, kwa mshangao kabisa, kwani nani alikuwa anaomba ruhusa.

Terere ilikuwa tayari kwa wiki nne. Ilikuwa pia wiki ambayo keyateka alipanda juu akiwa amekunja uso. Mwenye nyumba ameona picha za paa. Anasema gunia lililolowa ni zito, na maji yataingia kwenye slabu. Nilipinga kidogo, kisha nikakubali kwamba kuhusu uzito ana hoja. Tulisogeza magunia hadi ukingoni, pale ukuta wa chini unapobeba, na mama wa nambari 14 akasimama hapo mikono kiunoni hadi keyateka akapunguza sauti. Tumepewa hadi mwisho wa Juni, kisha “ataangalia.”

Sijui kuangalia huko kutaishia wapi. Kwa sasa gunia moja la terere nimeacha kulichuma. Limerefuka hadi kiunoni, vichwa vimeanza kukauka, na ukivisugua kwenye kiganja mbegu zinabaki nyeusi, zinang'aa. Nimekata karatasi za daftari langu la chuo, zile ambazo hazikuandikwa kitu, nikakunja vibahasha 16, kimoja kwa kila nyumba. Kibahasha cha kumi na saba ni cha mama mboga. Deni lake nilimaliza kulipa mwezi uliopita, kwa pesa, kama inavyopaswa. Hiki ni cha juu yake.