Traki Nne Katika Nyumba ya Mawe

Kurekodi muziki nyumbani kwa mashine ya mkanda ni kazi ya kuamua mapema. Mashine ya traki nne ina nafasi nne tu, na kilichofutwa hakirudi. Nani atakaa wapi, mikrofoni iwe umbali gani na chombo, sauti ipi itangulizwe mbele na ipi iwekwe nyuma, yote hayo hukatwa shauri kabla rili hazijaanza kuzunguka. Fundi anayeelezwa humu, ambaye ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, alifanya kazi hiyo Mji wa Kale, Mombasa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi kompyuta zilipoingia kila chumba, na hakuwahi kuona njia nyingine inayowafanya wapigaji wasikilizane vile.

Mkanda wa sumaku ulizaliwa Ujerumani. Fritz Pfleumer alipata hataza mwaka 1928 kwa wazo la kupaka unga wa chuma juu ya ukanda wa karatasi, na mwaka 1935 kampuni ya AEG ilionyesha Berlin mashine iliyoitwa Magnetophon. Baada ya Vita Kuu ya Pili Mmarekani John Mullin alizipeleka mashine mbili za aina hiyo kwao, na mwaka 1948 Ampex ikatoa yake ya kwanza, Model 200. Muziki wa nyumbani uliingia humo kwa mkono wa mpiga gitaa Les Paul. Alipewa Ampex na mwimbaji Bing Crosby, akaiongezea kichwa kimoja, akawa anarekodi gitaa juu ya gitaa nyumbani pamoja na mkewe, Mary Ford. “How High the Moon” ya mwaka 1951 ni tunda la kazi hiyo. Njia yenyewe ilikuwa ya hatari: kila safu mpya iliandikwa pamoja na zilizotangulia, na zile za zamani zikafutwa papo hapo. Kosa kwenye safu ya mwisho liliua wimbo mzima. Mwaka 1957 Ampex ilimpelekea Les Paul mashine ya traki nane, ambayo kila traki yake iliweza kurekodiwa peke yake huku nyingine zikisikika, na hofu hiyo ikapungua.

Kwa mtu wa kipato cha kawaida, mlango ulifunguka mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa TEAC A-3340 ya Japani, mashine ya traki nne inayotumia mkanda wa robo inchi. Mwaka 1979 kampuni hiyohiyo, kwa jina la Tascam, ikaziingiza traki nne ndani ya kaseti na kuiita Portastudio 144. Januari 1982 Bruce Springsteen alirekodi nyimbo za albamu ya Nebraska kwa Portastudio nyumbani kwake New Jersey, na zile rekodi za majaribio ndizo zilizotolewa kama albamu baada ya bendi nzima kushindwa kuzipiku studioni.

Pwani ya Kenya, kurekodi na kutengeneza redio zilikuwa kazi za nyumba moja. Mombasa, maduka kama Mbwana Radio Service yalirekodi taarab na kuuza kaseti zake, wakati Dar es Salaam bendi za dansi zilirekodiwa na Radio Tanzania. Fundi naye alilelewa na duka la redio. Alianza kwa kufungua vifuniko na kupuliza vumbi, akafika kwenye kuchoma risasi na kubadilisha kapasita, kisha akaaminiwa na teprekoda. Mashine yake ya kwanza ya traki nne haikununuliwa Mombasa. Ililetwa na mjomba wake aliyekuwa akifanya kazi Jeddah, ikiwa imefungwa ndani ya blanketi.

Hapo ndipo umeme ulipodai haki yake. Saudia umeme ni wa hezi 60. Kenya ni wa hezi 50. Mashine ambayo mota yake hufuata masafa ya umeme, ikitolewa kule na kuchomekwa huku, hutembea kwa tano ya sita ya mwendo wake. Ikirekodi na kucheza kazi yake yenyewe, mtu hatambui. Mkanda uliorekodiwa kwingine ukiwekwa juu yake, muziki huzama kwa takriban nusu-toni tatu, na sauti ya mwimbaji wa kike huwa nzito kama ya mwanamume. Dawa ni kubadilisha kijiti cha chuma kinachovuta mkanda na kuweka kingine ambacho kipenyo chake kimezidi kwa moja ya tano. Fundi alikichora kwa kalamu, akampelekea fundi wa kerezo, akakaa naye kibandani hadi kikapatikana. Kazi ya kijiti hicho haivumilii makadirio. Kikiwa na uduara usiokamilika hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, mkanda huvutwa kwa vipindi, na kila noti ndefu ya fidla hutetemeka pasipo mpigaji kuitetemesha. Kipimo chake kilikuwa kurekodi mlio mmoja wa hezi 3,000 na kuusikiliza: ukinyooka, chuma kimetengenea. Revox A77 ya Uswisi, iliyotoka mwaka 1967, haikuwa na shida hiyo kwa sababu mota yake iliongozwa na saketi ya elektroniki badala ya masafa ya umeme, na yeyote anayenunua mashine kuukuu kutoka nchi ya mbali angefaa kuuliza swali hili kabla ya kuulizia rangi na mikwaruzo.

Chumba ni nusu ya chombo. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zinazozuia kelele za mtaa, na upana wa vyumba umefuata urefu wa boriti za mikoko, ambao kwa kawaida hauzidi mita tatu. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, na wembamba huo una sauti yake. Chumba chenye upana wa mita 2.7 huvuma karibu na hezi 63, yaani kwenye eneo la milio mizito. Mtu akipiga karibu na ukuta na mikrofoni nayo ikiwa karibu na ukuta, mvumo huo humeza kila kitu. Fundi aliyasimamisha magodoro ya sufi kwenye pembe mbili, akatandika mikeka sakafuni na juu yake zulia, na ngoma ya dumbak akaiweka theluthi ya urefu wa chumba, mbali na katikati na mbali na ukuta. Hakuziba kila mahali. Chokaa tupu upande wa pili ilirudisha mlio wa udi kwa namna ambayo hakuna kifaa cha mwangwi kilichoweza kuuiga, na huo ndio ulioifanya nyumba ile isikike kama yenyewe ndani ya rekodi zake.

Kazi ilianza baada ya sala ya isha. Mchana kulikuwa na kunguru, mikokoteni na adhana za misikiti iliyokaribiana; usiku mtaa ulitulia na umeme nao haukuyumba sana, ingawa stabilaiza haikuzimwa. Kabla wapigaji hawajafika, mashine iliandaliwa. Vichwa vilisuguliwa kwa pamba iliyotiwa spiriti safi hadi pamba itoke nyeupe. Gurudumu la mpira lilifutwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kwa kuwa spiriti hukausha mpira ukapasuka. Kisha kifaa cha kuondoa usumaku kilipitishwa polepole mbele ya vichwa na kuondolewa hadi urefu wa mkono ndipo kikazimwa, maana kikizimwa karibu huacha usumaku mkubwa kuliko ule kilichokuja kuuondoa. Mwisho ulichezwa mlio wa hezi 10,000 kutoka kwenye mkanda wa vipimo, na skrubu ya kichwa ikazungushwa kidogo kidogo hadi mshale wa mita upande kabisa. Kichwa kikiinama hata kidogo, milio ya juu hufifia, na kanuni hupoteza ule mng'ao wa nyuzi zake.

Rili ya inchi kumi na nusu hubeba mkanda wa mita 762 hivi. Kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde hiyo ni dakika 33. Kwa mwendo wa sentimita 19 ni mara mbili yake, ila mvumo wa mkanda huongezeka na milio ya juu hupungua. Wimbo wa taarab huweza kufika dakika kumi au kumi na tano, kwa hiyo rili nzima kwa mwendo mkubwa ilikuwa nyimbo mbili au tatu, na mkanda ulikuwa ghali. Bei hiyo iliingia moja kwa moja katika muziki. Kikundi kilifanya mazoezi chumbani humo rili zikiwa zimesimama, kikakubaliana wapi fidla itajibu na wapi itanyamaza, na kikarekodiwa pale tu kilipokuwa tayari.

Mgawanyo wa traki ulitegemea wimbo, lakini fundi alikuwa na mpango aliouamini. Traki ya kwanza ilibeba udi, ya pili dumbak na rika, ya tatu sauti ya mwimbaji, na ya nne ikaachwa wazi. Udi ulipata mikrofoni kwa umbali wa shubiri moja na nusu, ikielekezwa kando ya tundu, kwa kuwa ikilitazama tundu hupokea mvumo mtupu. Vitabu vingi vya kurekodi hushauri mwimbaji aingizwe mwisho, peke yake, akiwa amevaa hedifoni. Kwa taarab ushauri huo haufai. Mwimbaji hunyoosha neno akimtazama mpiga udi, na mpiga udi humngoja. Ukiwatenganisha, kila mmoja hupiga kwa usahihi na wimbo haupo. Maalim mmoja wa udi, mtu mzima ambaye vijana wa kikundi walimwamkia kwa shikamoo kabla ya kugusa chombo, alikataa katakata kupiga mbele ya mkanda bila mwimbaji mbele yake, na fundi alimpa haki.

Traki ya nne ndiyo iliyopokea fidla na kinanda baadaye. Ili mpigaji wa pili aende sawa na wa kwanza, mashine humsikilizisha traki za awali kupitia kichwa cha kurekodia chenyewe. Angesikilizishwa kupitia kichwa cha kuchezea, angechelewa: sentimita nne za mkanda kwa mwendo wa sentimita 38 ni karibu sehemu ya kumi ya sekunde, na muziki huo husikika umevunjika miguu. Ucheleweshaji huohuo, ukitumiwa kwa makusudi, ndio mwangwi wa mkanda unaosikika kwenye rekodi nyingi za zamani.

Vyombo vikizidi nafasi, traki tatu huchanganywa na kuhamishiwa ya nne, kisha zile tatu hufutwa na kutumiwa upya. Hapa ndipo uamuzi ulipokuwa mzito kuliko popote. Kiwango cha dumbak dhidi ya udi kilichowekwa wakati wa kuhamisha kilibaki hivyo daima, na kila uhamisho uliongeza mvumo wa mkanda juu ya mvumo. Fundi alizoea kuiacha dumbak iwe juu kidogo kuliko masikio yalivyotaka usiku huo, kwa sababu vyombo vinavyoongezwa baadaye huifunika. Hakuhamisha zaidi ya mara moja kwa wimbo mmoja.

Marekebisho yaliyobaki yalifanywa kwa wembe. Mkanda ulizungushwa kwa mkono mbele ya kichwa hadi mwanzo wa noti usikike kama mngurumo, ukatiwa alama kwa kalamu ya nta upande wa mgongo, ukalazwa kwenye kibao chenye mfereji na kukatwa kwa nyuzi 45. Mkato wa mshazari hupitisha sauti moja hadi nyingine bila kishindo. Ncha mbili ziliunganishwa kwa gundi-karatasi ya kazi hiyo tu. Selotepu ya dukani hutoa gundi pembeni ikanata rili nzima.

Unyevu wa pwani ulileta kazi ya miaka ya mwisho. Mikanda mingi ya miaka ya 1970 na 1980, hasa Ampex 456, ilipakwa unga wa sumaku kwa gundi inayonyonya unyevu. Baada ya miaka, gundi huoza, mkanda hupiga kelele unapopita kwenye vichwa na kuacha matope ya kahawia. Mikanda ya aina hiyo hukaushwa kwa joto la nyuzi 54 hivi za Selsiasi kwa saa nane au zaidi, katika kikaushio chenye joto lisilopanda na kushuka, kisha hunakiliwa mapema kabla unyevu haujarudi. Jiko la mkaa na oveni ya gesi havifai. Mikanda ya zamani zaidi, ya asetati, haikaushwi kabisa kwa sababu joto huikunja; hutambulika kwa kuinua rili mbele ya taa, maana asetati hupitisha mwanga. Familia za waimbaji zilileta rili zilizokaa juu ya makabati kwa miongo, na fundi aliziheshimu kama mali ya watu wote.

Mkanda mpya bado unapatikana. Kiwanda cha Quantegy, mrithi wa mikanda ya Ampex, kilifungwa ghafla mwaka 2005, lakini RecordingTheMasters ya Ufaransa na ATR Magnetics ya Marekani huutengeneza hadi leo.

Rili iliyokwisha kurekodiwa huhifadhiwa bila kurudishwa nyuma, mwisho wa wimbo ukiwa nje. Safu za mkanda huambukizana sauti hafifu, na zikilazwa hivyo sehemu kubwa ya maambukizo hufuata baada ya noti na kufunikwa nayo, badala ya kusikika kabla yake. Sanduku husimamishwa wima, mbali na spika na mota, kabati likiwa na chembechembe za silika za kunyonya unyevu. Juu ya sanduku huandikwa mwendo wa mkanda, aina yake, kilichomo katika kila traki, majina ya wapigaji na tarehe, na mwishoni mwa mkanda huachwa sekunde thelathini za milio ya hezi 1,000 na 10,000, ili fundi atakayeufungua miaka mingi baadaye aweze kukilinganisha kichwa cha mashine yake na kile kilichoandika sauti hizo.